Kisanduku Kinachotunga Hadithi

Siku Mtaalamu alipogundua kwamba watu wazima, wenye akili zao timamu, wataamini chochote kinachowaka taa ya buluu, alishukuru kwamba hakumaliza shule. Elimu ingemchelewesha.

Ugunduzi huo aliufanya kwenye kiti cha kinyozi, akisoma kwenye simu maoni ya bwana mmoja ambaye mji mzima ulimwita Mchambuzi. Huyu alikuwa na neno kwa kila kitu: programu, spika, saa za kuhesabu hatua, riwaya za maroboti. Akisema simu fulani ni bomu, wenye maduka waliirudisha stoo. Siku hiyo aliandika: "Nani ataniletea programu inayotunga hadithi ya maana? Zilizopo zinatunga upuuzi mtupu."

Mtaalamu akainuka, nusu ya kichwa haijanyolewa.

Nyumbani alikuwa na vifaa vyote: kasha la spika mbovu, simu ya zamani ya kutia ndani, na shemeji. Shemeji huyu, mdogo wa mke wake, alishinda chumba cha nyuma akiandika hadithi, na wachapishaji hawakuwahi kumjibu hata kwa tusi.

"Shemeji, mteja ataandika kwenye kisanduku, ujumbe utakufikia kwenye simu nitakayokupa, wewe unamtungia. Mji mzima utakusoma!"

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina la mashine. Ila sisi moyoni tutajua."

Lilimuuma, lakini alikubali. Mwandishi asiye na msomaji hukubali mambo ya ajabu.

Chumba cha Mchambuzi kilijaa nyaya mpaka mlangoni, na birika la chai lilikaa juu ya printa iliyokufa. Alikizunguka kisanduku alicholetewa na Mtaalamu, mikono nyuma.

"Kabla hujawasha, niambie. Kwa nini roboti wa kwenye riwaya akipata akili tu, anataka kuua watu? Kwa nini hakuna hata mmoja anayetaka kulala?"

"Wetu analala, bosi. Ndiyo maana mara nyingine anachelewa kujibu."

Mchambuzi aliagiza hadithi ya fundi wa lifti aliyependa sauti inayotaja ghorofa. Wakasubiri. Chai ikapoa. Hadithi ilipofika aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaandika maneno mawili: "Mwisho dhaifu."

Jibu alilisoma kwa sauti. "'Dhaifu ni macho yako. Rudia aya ya mwisho, polepole.'"

Mtaalamu akatokwa na jasho hadi kwenye soksi. "Ni toleo la majaribio, bosi. Adabu bado hatujaiweka."

"Ajabu. Programu zote nilizowahi kuzikemea huomba msamaha hapo hapo. Hii ina kiburi."

Akakigeuzia kisanduku upande wake na kuandika kwa muda mrefu, akitabasamu peke yake. Mtaalamu, aliyekuwa dirishani akijitazama kwenye kioo, alijua kwamba jamaa ameingia mkenge.

"Nitaisifu," Mchambuzi alisema mwishowe. "Ila kila kisanduku kiwe na dhamana: picha yako na anwani ya nyumbani kwako. Watu hawaamini kitu kisicho na mwenyewe."

"Hata picha mbili, bosi!"

Kesho yake mji ulisoma: "Mtunzi aliyemo ndani ya kisanduku hiki amewashinda wote niliowasoma mwaka huu." Tafadhali, msomaji, tafuta uongo humo, mimi nimeukosa. Visanduku viligombaniwa. Muuza nyama alinunua. Mwalimu mkuu alinunua. Mkuu wa kituo cha polisi alinunua viwili, kimoja cha mama mkwe wake. Mtaalamu akajipatia suti na viatu vinavyolia akitembea. Shemeji alipewa vocha ya simu.

Asubuhi moja chumba cha nyuma kilikutwa kitupu. Simu ya kazi ilikuwa kitandani, na ujumbe juu yake:

"Shem, Mchambuzi alijua tangu siku ile. Aliniuliza humo kwenye kisanduku mimi ni nani, nikamwambia. Ananisaidia kutoa kitabu, kwa jina langu. Wazo la dhamana lilikuwa langu. Wateja wote nakuachia, usiwacheleweshe."

Simu ikaanza kulia. Muuza nyama: "Nataka ya vita. Isiwe fupi." Mkuu wa kituo: "Mama mkwe anasubiri tangu alfajiri. Picha yako ninayo."

"Mke wangu, nisaidie!"

"Nafua," mkewe alijibu kutoka uani. "Na mashine ni wewe."

Mtaalamu hakuwahi kumaliza kitabu chochote maishani. Alianza na ya vita. Jenerali akafa kwenye sentensi ya pili, na jeshi likakosa la kufanya. Basi akaandika jambo pekee alilolijua: habari za mjanja aliyeuza kisanduku, akabandika sura yake mwenyewe juu yake, na kumlipa mtunzi wake vocha. Alipofika kwenye vocha aliona haya, haya ya kweli, kisha akaendelea. Akamtumia yule mama mkwe.

Jibu lilitoka kwa mkuu wa kituo. "Amecheka mpaka amepaliwa. Anasema hadithi ni tamu, ila huyo tapeli hapana. Mtu mjinga kiasi hicho hajazaliwa. Mrekebishe, aaminike, uirudishe kabla ya chakula cha mchana."

Mtaalamu akavua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akaanza kumrekebisha.