Mvueni Uenyekiti kwa Wiki Mbili Tu

Bibi Sidonia,
Nyuma ya stesheni,
Gulwe.

Kwa Ndugu Katibu wa Chama,
Dodoma.

Ndugu Katibu, mwanangu,

YAH: KUOMBA MATOKEO YA UCHAGUZI YALINGANE NA HABARI TULIZOPEWA

Shikamoo yako nimeipokea huku huku, marahaba. Mbukwenyi nyote hapo ofisini, na zaidi yule mama anayewachemshia chai, maana najua ndiye anayejua kila kitu.

Mimi sikusoma. Dawati nililikalia mara moja, kwenye mkutano wa wazazi, na hapo nilisinzia. Mkono unaoandika ni wa mjukuu wangu Zipora, fundi cherehani. Mdomo ni wangu. Ukikuta neno zuri, ni lake. Ukikuta neno lisilo na adabu, ni langu, na ujue tumelibishania kabla halijaandikwa.

Nauza mayai ya kuchemsha na karanga pale stesheni. Treni ikisimama nakimbia na beseni kichwani, magoti yanapiga kelele kuliko injini. Dirishani ndipo ninapopata habari za Chama. Abiria ananyoosha mkono achukue yai, namuuliza Dodoma kunasemwaje, ananijibu huku anamenya. Lakini treni haina subira. Mara nyingi inaondoka na nusu ya habari, na hiyo nusu naimalizia mwenyewe nikiwa narudi nyumbani. Ndiyo maana hapa Gulwe mimi ndiye redio. Redio yenyewe ipo dukani kwa Noeli, ila ile huwezi kuiuliza swali.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mlikuwa na wagombea wawili wa uenyekiti wa mkoa: Bartolomayo, mtoto wa hapa kwetu aliyehamia Chang'ombe ya hapo Dodoma, na Fulgence, ambaye sisi tunamjua kwa picha ya kwenye nguzo. Katikati ya hekaheka hizo, Bartolomayo akamtuma Mzee Matonya aje kumposea mwanawe Lameck, fundi seremala. Anayeposwa ni huyu Zipora. Wanapendana, hilo hata mbuzi wangu wanalijua, maana Lameck akija hawafungwi mpaka giza liingie. Nikaikataa posa. Niliikataa kwa sababu ya habari za uchaguzi wenu. Kisha mkaenda kumchagua Bartolomayo.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Habari zilisema Bartolomayo ameanguka. Hazikusema "huenda". Abiria mmoja aliyetoka Dodoma, mtu mzima, ana kalamu mfukoni, alinieleza kwamba jina limeshakatwa, kwamba wakubwa hawali naye tena, kwamba siku hizi anakula peke yake, ameugeukia ukuta, sahani kaiweka juu ya goti la kushoto. Mwanangu, habari ya uongo haina goti. Ukiona habari ina goti, tena la kushoto, hiyo mtu ameiona. Na mimi mwenyewe nilishamwona kwa macho yangu akila hivyo hivyo kwenye msiba wa marehemu Filipo hapa Gulwe, wanaume wenzake wamelizunguka sinia, yeye kajibanza ukutani. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi wa pande mbili, wa Dodoma na wa Gulwe. Hakimu gani angetaka zaidi?

2. Kwa ushahidi huo, Matonya alipofika nilimpa maji. Maji tu. Jikoni ugali wa uwele unafuka, mlenda umeshaungwa karanga, harufu imejaa ua mzima, yeye ananusa na mimi namtakia safari njema. Mtu wa kwetu akinyimwa ugali anaouona, haulizi swali la pili. Alisimama mlangoni akasema, "Sidonia, si ungengoja hata uchaguzi upite." Nikamjibu, "Uchaguzi umeshapita, Matonya. Nyie wa Chang'ombe ndio mnacheleweshewa habari." Maneno haya yananirudia kila ninapochambua karanga, na karanga nachambua kila siku.

Hapa nilitaka iandikwe kwamba nilikataa kwa huruma, kwa kuwa baba aliyeshindwa hurudi nyumbani na hasira, na hasira hizo humalizikia kwa mkwe. Zipora ameinua kalamu akanitazama. Basi iandikwe kweli. Niliona aibu kumpeleka mjukuu wangu kwa walioanguka, wakati angeweza kusubiri posa ya waliosimama. Umeridhika, mama? Endelea.

3. Kwa kuwa ushindi wa Fulgence tulishaupokea, niliwakusanya akina mama tukampigia ngoma yetu ya muheme kabla ninyi hamjapiga kura. Tulicheza hasa. Restuta jirani yangu, anayepiga ngoma kubwa, kifundo cha mkono kimemvimba mpaka leo. Mimi sauti imekauka, nikiita mbuzi wanadhani ni mbuzi mwenzao anaumwa. Na wimbo hauwezi kuhamishwa. Jina la Fulgence linakaa vizuri kwenye mdundo. La Bartolomayo ni refu, ngoma inakwisha jina bado lipo njiani.

4. La nne limenitoka. Likirudi nitalisema.

5. Siku ya matokeo Chama hakikutuma hata mtu wa kutuandaa. Nilikuwa kwa Noeli nanunua chumvi, redio ikamtaja Bartolomayo. Watu wote wakageuka wakanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyehesabu kura. Nikasema hiyo redio ina mawimbi mabaya. Noeli akaongeza sauti.

La nne limerudi: tangu siku hiyo watu wananipita mlangoni wanakwenda kumuuliza Noeli. Noeli, ambaye hajui hata mkewe amekasirikia nini.

6. Hili ndilo linaloniuma, mengine nimeyatanguliza ili upate pumzi. Nikimwita Matonya leo nikamwambia posa nimeikubali, Gulwe nzima itasema bibi kizee amefuata kiti. Restuta ameshaanza kuniita Mama Mwenyekiti, na kicheko chake unakijua kama umewahi kusikia bati linavyoburutwa. Nisipomwita, Zipora anamkosa Lameck. Mtoto huyu nimemlea tangu anatambaa. Nimempulizia uji, nimembeba mgongoni kwenda kuchota maji, nimegombana na mwalimu mkuu kwa ajili yake bila kujua kosa lilikuwa la nani. Sasa ananipa shikamoo kama anayelipa ushuru. Akipika anapakua changu, kisha chake anakwenda kukilia kwenye cherehani, amenipa mgongo. Nyumba ina watu wawili na kila mtu anakula peke yake. Hilo, Ndugu Katibu, Chama kilichukulie kwa uzito.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mojawapo ya haya.

Uchaguzi urudiwe, na uendelee kurudiwa mpaka ulingane na habari. Mkiona ni kazi kubwa, basi mvueni Bartolomayo uenyekiti kwa wiki mbili tu. Awe mtu wa kawaida, ikiwezekana avae shati lililopauka. Mimi nitaikubali posa akiwa katika unyonge huo, watu waone kwa macho yao kwamba sikufuata cheo. Kisha mrudishieni kiti chake. Hizo wiki mbili Fulgence akishikilie kama mtu anavyomshikia mwenzake foleni ya maji, na asizoee.

Kama na hilo lina kanuni zake, basi Chama chenyewe kiwe mshenga wangu. Matonya hawezi tena kuukanyaga ua huu, na simlaumu. Ninyi magari mnayo, wasemaji mnao, na kuomba watu mmezoea. Ila vipaza sauti mviache huko, posa haiendi hivyo.

Na kwa siku za mbele, wekeni mtu wenu hapa stesheni na muhuri. Abiria yeyote mwenye habari ya Chama agongewe dirishani, hii kweli, hii uongo, ndipo auziwe yai. Huyo mtu wenu nitamlisha mimi.

Nisalimie wote: mama wa chai, walinzi wa getini, madereva, na Fulgence naye, mwambie wimbo wake tumeutunza iwapo atarudi tena. Mkipita Gulwe msiwe mnafunga madirisha.

Ni mimi mwanachama wenu wa siku nyingi, ambaye kadi yake ililiwa na mchwa, yeye mwenyewe wakamwacha,

Sidonia wa Gulwe
(alama ya kidole, samahani kwa mafuta ya karanga)

Nyongeza. Barua ilikuwa imekwisha. Zipora akanisomea yote kwa sauti, alipofika kwenye goti la kushoto akaweka kidole hapo. Akaniuliza, "Bibi, baada ya ule msiba wa Mzee Filipo, ulimwambia nani?"

Nikasema sikumwambia mtu.

"Na treni?"

Treni si mtu. Lakini hapo mwanangu, beseni lingekuwa kichwani lingeanguka. Asubuhi baada ya msiba, treni ya kwenda Dodoma iliposimama, nilimwambia mama mmoja wa daraja la tatu, kwa kutaniana tu, kwamba huyo Bartolomayo wenu anayetaka kura za mkoa mzima, msibani amekula peke yake, ameugeukia ukuta, sahani juu ya goti la kushoto, sasa atapigiwa kura na nani? Akacheka mpaka yai likamponyoka, treni ikaondoka. Kumbe habari yangu ilifika Dodoma ikanenepa, ikapata wakubwa, ikapata na jina lililokatwa, ikarudi Gulwe na mtu mwenye kalamu. Nami nikaipokea kama mgeni. Yule mtu nilimpa yai la pili, asante ya kunihabarisha.

Na kilichompeleka Bartolomayo ukutani ni jino. Lilikuwa limeng'olewa wiki hiyo, hakutaka watu wamwone anavyotafuna. Lameck alimwambia Zipora zamani. Nikamuuliza mjukuu wangu, sasa mbona hukusema?

Akasema, "Hukuniuliza, Bibi. Uliiuliza treni."

Nikainuka nikaingia jikoni. Kisha nikapakua ugali kwenye sahani moja nikaiweka kati yetu. Zipora akaacha cherehani. Akavuta kigoda.

Kwa hiyo msirudie uchaguzi. Msimvue mtu kitu. Mshenga simhitaji tena, na huo muhuri mkiuleta utaanza kunigonga mimi. Nakwenda Chang'ombe mwenyewe, na jogoo kwapani, na mlenda mkavu wa kumtosha Matonya mwaka mzima. Najua bibi wa binti haendi kwa wakwe kubisha hodi. Watasema nimefuata kiti. Waache waseme, mimi mbona nilisema.

Ila najijua, nikifika stesheni naweza kugeuza. Ndiyo maana asubuhi hii, treni ya Dodoma iliposimama, nilipita kila dirisha nikiwaambia kwamba Bibi Sidonia wa Gulwe anakuja kwa Bartolomayo kuomba radhi, na analia njia nzima. Silii. Lakini habari imeshapanda, na mpaka ifike Chang'ombe nitakuwa ninakuja kwa magoti.