Posa kwa Kiingereza cha Sheria

Jumatatu, 5 Mei
Nimeumbuka tena. Wakili Marietha, bosi wetu hapa Temeke, amesoma mkataba nilioandika wa pango la bucha mbele ya ofisi nzima. Eti ameanza sentensi ya kwanza tangu asubuhi na mpaka sasa hajaona inakwenda wapi. Edgar, karani mwingine, alicheka kuliko wote. Huyo huandika Kiingereza cha sheria kama mtu anayelipia kila neno, na bosi anamsifu! Kuanzia leo kila ninachoandika kipite kwanza kwa karani mwenzangu Vaileth. Adhabu hiyo! Vaileth amevuta kiti, amekaa pembeni yangu na kalamu nyekundu, anafuta taratibu huku akikunja uso. Jamani, nampenda yule dada mpaka nasahau kula.

Jumatano, 7 Mei
Mpango umekaa vizuri. Barua ya kumkumbusha mpangaji, ambayo ingekuwa mistari mitatu, nimeifikisha kurasa nne. "Aliyetajwa hapo juu", "kama itakavyofafanuliwa hapo chini", yote yamo. Vaileth alikaa nami mpaka chai yake ikapoa. Akaniuliza, kwani mimi nikiwa na jambo moja moyoni siwezi kulisema tu? Akanitazama. Nikamjibu kwamba inategemea, na bila kuathiri haki zangu nyingine. Akarudi kwenye karatasi. Edgar ameanza kumletea maandazi. Lazima nimuwahi.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepeleka posa! Mshenga ni jirani yangu Nikodemu. Alivaa suti, akaenda Kimara kwa Mzee Benson, baba mdogo anayeishi na Vaileth. Posa za watu huwa ukurasa mmoja, ua limeonekana bustanini, basi. Yangu kurasa saba, Kiingereza cha sheria kitupu, na fasili za maneno mwanzoni. Mzee aone kijana amesoma! Nikodemu amerudi anacheka huku ameshika ukuta. Mzee aliigeuzageuza, akauliza nani amemshtaki. Kisha akamwita Vaileth amsomee. Vaileth akaenda kuchukua kalamu. Ugali umenishinda.

Jumamosi, 10 Mei
Posa imerudi. Imefutwa yote, nyekundu tupu kuliko machinjio ya Vingunguti. Imebaki sentensi moja, ukurasa wa sita: mwombaji anampenda Vaileth na anataka kumwoa. Pembeni ameandika kwa Kiswahili: "Hii inatosha. Njoo kesho baada ya misa umwambie baba mwenyewe." Nikodemu amenipiga begani, eti hongera bwana harusi. Hongera ya nini? Sentensi moja! Haina masharti, haina kifungu hata kimoja. Mwanamke ninayemwota kila siku nimpelekee mstari mmoja, kama kibao cha duka? Ananipima huyu. Anataka kuona kama nitaitetea hoja yangu.

Jumapili, 11 Mei
Misani sikwenda. Kimara sikwenda. Naandika. Mchana Nikodemu amepiga simu kutoka huko. Kuku ameiva, wazee wamekaa, Vaileth amevaa kitenge kipya na kila bodaboda ikipita anatoka barazani kuchungulia. Nikamwambia awaombe radhi, niko ukurasa wa kumi na moja. Nikamuuliza kitenge cha rangi gani. Bluu. Natamani ningekuwepo, natamani mpaka kifua kinauma. Lakini kifungu cha mapenzi bado hakijakaa sawa.

Jumatatu, 12 Mei
Vaileth hakuitikia salamu yangu. Macho yamemvimba. Amemwomba bosi kazi zangu zisipite tena kwake, na kiti amekihamishia upande wa Edgar. Nikodemu amekuja jioni, ameniambia twende Kimara sasa hivi, mguu kwa mguu, huenda mlango bado haujafungwa. Niseme yale maneno machache, basi. Masikini Nikodemu, sheria hakusoma. Mimi kosa langu nimeliona. Kurasa kumi na nne nilizomaliza jana usiku zilikuwa chache. Naongeza viambatisho.