Safari Yangu ya Kambodia, Edmonton

Jumapili, 2 Novemba 2025

Lusajo karudi kutoka Roma. Baada ya ibada yetu ya Kiswahili hapa London kaonyesha picha mpaka chai ikapoa. Haika kaziangalia zote, kisha kasema anapenda mwanaume anayetoka akaona dunia. Huyu ndiye Haika niliyemwomba uchumba mwezi wa nane. Jibu mpaka leo sijapata.

Roho ikaniuma. Nikajikuta natangaza kwamba Jumanne naenda Kambodia, kuona magofu ya mahekalu ya kale ya Wakhmer, ndani kabisa ya msitu, wasikofika watalii. Mchungaji alikuwa nyuma yangu. Kakataza watu wasiondoke kabla sijaombewa. Nikasimamishwa katikati ya vikombe, kanisa zima likaninyooshea mikono. Sasa narudije nyuma?

Jumanne, 4 Novemba

Nimesafiri. Yaani nimefunga mapazia. Haika nimemwachia ufunguo aje kumwagilia mchicha wangu wa dirishani, aone ninavyoishi kwa usafi. Akili nyingi hiyo.

Jumatano, 5 Novemba

Uani kuna ukuta ulioanguka. Nimeutupia majani, nikaupiga picha kwa karibu, nikatuma kwenye grupu la kanisa: hekalu, karne ya kumi na mbili. Amina zikamiminika. Lusajo kauliza mbona pembeni linaonekana pipa la taka la Edmonton. Nimemjibu ni msaada wa wafadhili. Wivu tu!

Jioni nikatuma na sauti ya msituni. Nilisahau leo Waingereza wanapiga fataki. Nikasema ni radi. Mama Aikande, mzee wetu wa kanisa, kaanza kufunga kwa ajili yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Balaa! Kumbe ufunguo unafungua mlango wa nyumba ambayo mimi nimo. Hilo sikuliwaza. Nikaingia chini ya kitanda. Haika kaja, na Lusajo nyuma yake. Lusajo kasema mimi sijawahi kuvuka hata Luton. Haika kamwambia aniache, maana tangu juzi yeye mwenyewe halali vizuri kwa sababu ya ile radi. Nikafurahi mpaka nikapiga chafya.

Bahati Lusajo alikuwa jikoni, anakinga maji. Haika kainama. Tukatazamana. Akaninong'oneza: "Elkana, Jumapili utasimama mbele ya watu useme kweli. Ukisema, jibu langu ni ndiyo."

Kisha akamwagilia mchicha. Jamani, sijawahi kupendwa hivi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeitwa kutoa ushuhuda. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, naapa. Lakini Mama Aikande, aliyekonda kwa kufunga, kaanza kulia kwa kuniona mzima. Kwaya ikaniimbia. Lusajo kakunja mikono, anatabasamu. Nimpe furaha yule? Nikawaambia chui alinikodolea macho kutoka juu ya hekalu, nikalitaja jina la Bwana, akashuka taratibu akaenda zake. Vigelegele!

Haika akachukua koti lake akatoka. Nikamkuta kituo cha basi. Akasema: "Jibu ni hapana, Elkana. Usinifuate." Basi likaja, akapanda, hakugeuka. Imeniuma sana, siwezi kudanganya.

Jioni nimekaa nikalifikiria jambo lote kwa utulivu, na kosa langu nimeliona. Siku tano ni chache. Mtu hajaanza hata kukumbukwa, tayari karudi.

Nimeshampigia mchungaji. Jumanne naenda Mongolia, mwezi mzima.