Betri Isiyokufa na Mke Aliyerudi Kwao

Kharumwa,
Wilaya ya Geita.
9 Mei, 1981

Mkurugenzi wa Utafiti,
Kiwanda cha Betri Chapa Kobe,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA BETRI MPYA IPUNGUZIWE MAISHA KABLA YA KUUZWA MADUKANI

Pokea salamu kutoka Kharumwa, ambako mvua imekwisha, pamba imefunga vitumba na redio hazizimiki. Hilo la mwisho ndilo linaloniandikisha.

Mimi ni Bartholomeo Damian, mkulima wa pamba na msomaji wa kila karatasi yenye maandishi, hata ile iliyofungiwa sukari. Wahariri wa magazeti wananifahamu. Mmoja aliwahi kunijibu kwamba barua zangu ni ndefu mno, nami nikamthibitishia kwa kurasa tisa kuwa si kweli.

Mwezi wa pili mlimtuma hapa mtaalamu wenu, Ndugu Felician, aliyevaa koti jeupe na kubeba sanduku la betri za majaribio. Alitukusanya kwenye ghala la pamba akatueleza kuwa mmebadilisha unga wa ndani, mmelikaza ganda lisivuje, na kwamba betri hizi zitaendesha redio mara tatu ya muda wa zile tulizozoea. Kabla ya kuziingiza madukani msimu wa kuuza pamba, alisema, kiwanda kinataka kujua zikoje mikononi mwa wananchi. Kaya chache zikapewa bure, yangu ikiwemo. Akamalizia, "Tuandikieni malalamiko, ndugu zangu, msituonee haya." Watu wakacheka, maana nani atakilalamikia kitu cha bure? Mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani kutafuta kalamu, na leo nimeipata sababu ya kuitumia.

1. Betri yenu haifi.

Huenda huko maabara mnaona hiyo ni sifa. Nisikilize. Tangu yule Mtaliano apange vipande vya zinki na shaba akapata umeme, imepita karibu miaka mia mbili ya utafiti wa betri. Wamefikiria unga, wamefikiria ganda, wamefikiria tochi, redio na magari. Hakuna hata mmoja aliyewafikiria wakwe.

Huku kwetu msiba hutangazwa redioni. Simu hakuna, na barua hufika kaburi likiwa limeshaota majani. Kwa hiyo kila jioni watu hutega sikio kwenye matangazo ya vifo, na aliyesikia jina la ndugu yake hupanda baiskeli usiku huohuo. Asiyefika husemwa maisha yake yote. Lakini ulikuwepo mlango mmoja wa kutokea, ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyethubutu kuuziba: "Betri zilikufa." Ukishasema hivyo, wazee wanatikisa vichwa, mama mmoja anasema, "Pole baba, hata zetu zimelala," unapewa kiti na ugali. Maneno mawili tu, Ndugu Mkurugenzi, na yameshikilia ndoa nyingi kuliko padri yeyote ninayemjua. Ninyi mmeuziba mlango huo kwa unga wenu mpya, bila kumshauri hata mwoaji mmoja.

2. Betri yenu imenifukuzia mke.

Mke wangu, Generoza, alikwenda kwao Ushirombo kumuuguza baba yake mkubwa, mzee Herman. Mzee akafariki, ikatangazwa. Mimi sikufika mazishini. Nikatuma ujumbe wa kistaarabu kwamba betri zilikufa.

Ujumbe huo ungetosha kabisa, kama si jirani yangu Maduhu, ambaye naye alipewa betri zenu. Maduhu alisikia tangazo akaenda. Wakwe walipomuuliza, "Bartholomeo yuko wapi?" akawajibu kwa moyo mweupe: "Kwani hajafika? Nimepita kwake nikakuta redio inaimba, nikajua ameshatangulia, ameiacha ilinde nyumba."

Naomba uyasome tena maneno hayo. Redio ilinde nyumba! Kabla ya betri yenu, ni nani aliyewahi kuacha redio ikiwaimbia kuku?

Naambiwa hapo Generoza akasema mbele ya ukoo: "Hizo betri nimeziona, hazifi. Aliyekufa ni baba. Bartholomeo aje aketi hapa mkekani aseme alisikia akakaa. Asipokuja, basi na mimi nimeshafika kwetu." Hajarudi mpaka leo. Napika mwenyewe. Ugali wangu hata mbwa anauzunguka kwanza.

3. Betri yenu imeninyima ushindi wa kisayansi.

Ili haki itendeke, nieleze habari zangu na marehemu, kwa kuwa zinagusa utafiti wenu moja kwa moja. Mzee Herman aliamini kwamba betri iliyochoka ukiianika juu ya bati hujaa jua upya. Siku ya Pasaka ya mwaka jana, mbele ya wakwe wote, nilimweleza kwa upole kuwa hilo ni kosa. Kwamba joto huamsha nguvu kidogo iliyosalia ndani, wala haliongezi nyingine. Kwamba betri kavu si mtungi wa kutekea jua. Nilimtajia kitabu cha fizikia, ukurasa na aya. Mzee akatafuna nyama yake mpaka ikaisha, akapangusa mdomo, akasema: "Mkwe, wewe una maneno kuliko redio. Na redio ina nafuu, ina pa kuzimia."

Walicheka mpaka mtoto mchanga akaamka. Generoza naye alicheka, tena akashika mbavu. Tangu siku hiyo sijakanyaga Ushirombo.

Nayataja haya kwa sababu za kitaalamu tu. Betri yenu haichoki, isiyochoka haianikwi, isiyoanikwa haiwezi kumwonyesha mzee kwamba nilikuwa sahihi. Sasa amekwenda na kosa lake, na mimi nimebaki na ukweli wangu, ambao sina wa kumpelekea.

4. Betri yenu itaua elimu.

Shule yetu hupaka ubao kwa unga mweusi wa betri zilizokufa, uliotwangwa pamoja na mkaa. Mwalimu Philomena amezunguka nyumba hadi nyumba akiomba betri mbovu. Kwangu akakuta nzima, kwa Maduhu nzima. Ubao umepauka, watoto hawajui kama ni sita au sifuri. Ikiwa kaya chache za majaribio zimeleta hasara hii, mkiziingiza betri hizo katika kila duka la kijiji, ndani ya miaka mitano taifa zima litakuwa linaandika kwenye ukuta wa kijivu. Halafu mtashangaa wataalamu wa kutengeneza betri wanakosekana.

5. Betri yenu itawapoteza wachimbaji wa dhahabu.

Mchimbaji akiwa shimoni hana jua wala jogoo. Saa yake ni tochi. Mwanga ukigeuka wa njano, anajua siku imekwisha, anakusanya vyombo anapanda kwenda kula. Mpeni tochi isiyofifia, ataendelea kuchimba. Atachimba Jumatatu akidhani ni Jumatatu mpaka iwe Alhamisi. Sitashangaa siku moja wakitokea upande wa pili wa dunia bila hati za kusafiria, na serikali yetu ilazimike kuomba radhi kwa nchi ambayo hatujui hata inaitwaje.

6. Betri yenu inaondoa haki ya kutosikia.

Hili ndilo zito kuliko yote. Kila mwaka hutangazwa redioni siku ya mwisho ya kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma. Kila mwaka nusu ya wilaya haikusikia. Hutangazwa mikutano, hatukusikia. Binamu hutangaza harusi na michango yake, hatukusikia hata kidogo. Na bado tunapendana! Nawauliza nyinyi wasomi: nchi ambayo kila mtu amesikia kila kitu itakaaje kwa amani? Haki ya kusema imetetewa na watu wakubwa, vitabu vimejaa. Haki ya kutosikia haikuwa na mtetezi, ila betri mbovu peke yake. Nayo mmeiponya.

Kwa hayo yote, ninaomba mambo matatu.

Kwanza, msiipeleke betri hii sokoni mpaka ipunguziwe maisha. Iwe inakufa ghafla walau mara moja kwa mwezi, na kama mnaweza, ife jioni.

Pili, nipewe cheti chenye mhuri wa kiwanda kueleza kwamba betri nilizopewa zilikuwa na uwezo kamili wa kufa jioni ile alipotangazwa mzee Herman. Sisemi zilikufa. Mimi ni mtu wa ukweli. Nasema zilikuwa na haki ya kufa, kama kitu kingine chochote kilichotoka kiwandani.

Tatu, Ndugu Felician atumwe Ushirombo akiwa katika lile koti lake jeupe, awasomee wakwe cheti hicho. Aanze na mama mkwe. Habari za jua asizitaje kabisa.

Nisalimie wakuu wa kiwanda, wapishi wa unga, walinzi wa lango, na yule anayebandika picha ya kobe, ambaye pengine ndiye pekee huko anayeelewa kwamba mwendo wa polepole una faida zake. Wabeja sana, ndiyo asante yetu ya Kisukuma.

Ni mimi, niliyebaki nyumbani na redio,

Bartholomeo Damian

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, nilikuwa nimeshaifunga bahasha kwa gundi nikasikia jina langu kwenye matangazo ya jioni. Nimeichana kukueleza. Mtangazaji alisoma hivi: "Bartholomeo Damian wa Kharumwa anatangaziwa na mkewe Generoza aliyeko Ushirombo. Kama betri zake zimekufa, asisumbuke kuja. Kama ni nzima, familia inamngoja kuanua matanga ya marehemu mzee Herman, na baada ya hapo mkewe atarudi naye nyumbani. Shughuli hiyo itafanyika siku ya..."

Hapo sauti ikawa nyembamba kama ya mbu, ikakwaruza, ikakatika. Betri zenu zimekufa. Zote. Nimezitoa nikaziuma, nikazigeuza, nikaipiga redio mgongoni. Kimya. Nimekimbia kwa Maduhu nikamkuta amekaa gizani na redio yake mapajani. Zake zilikufa juzi. "Mbona hukusema?" nikamuuliza. Akanijibu, "Ningemwambia nani akaniamini?"

Tafadhali futeni maombi yangu yote matatu. Zipelekeni sokoni hata kesho, ila ziongezeeni maisha, walau ya sentensi moja.

Siku ya shughuli siijui, na Ushirombo siwezi kufika nikasema betri zilikufa katikati ya jina la siku. Kwa hiyo naondoka alfajiri kwa baiskeli. Iwe ni kesho, iwe ni mwezi ujao, nitaketi kwenye ule mkeka mpaka siku yenyewe inikute hapo. Nitasema nilisikia nikakaa. Baada ya hapo sitasema lingine.

Betri nimeziacha juu ya bati, zingoje jua la asubuhi. Nikirudi na Generoza nitawaandikia kama zimejaa.