Bawa la Kidole Kimoja

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nimepata kazi ya makumbusho! Mimi, mshona maturubai ya malori. Wameunda mfano wa mifupa ya reptilia aliyeruka angani zamani sana, kabla hajazaliwa mtu wa kumwona, na wanataka nimshonee mabawa. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mtaalamu wa mifupa, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinionyesha mkono wa mnyama. Vidole vitatu vidogo, vya kawaida tu. Cha nne, kile sisi tunachokivika pete, kirefu kuniliko. Akasema bawa zima lilishikwa na kidole hicho kimoja, kutoka ncha yake hadi mguuni. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikakitazama kidole changu cha pete, nikaona haya.

Mnyama nimempa jina. Mzee Kidole.

Pembeni kutakuwa na kibao chenye majina ya wataalamu. Nikauliza kama la mshonaji litakuwemo. Akasema kibao ni cha waliochangia maarifa. Basi nitachangia maarifa. Mama mkwe atakuja kwenye ufunguzi, na mama mkwe husoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata chupa ya dawa ya kikohozi. Tangu nimwoe binti yake ananiita yule wa maturubai. Siku hiyo atalisoma jina langu kamili mbele za watu.

Jumanne, tarehe 5 Machi
Mtaalamu amepita karakana. Eti ngozi ya bawa ilikuwa na nyuzi ndani yake, kwa hiyo nishone kamba nyembamba katikati ya tabaka mbili za kitambaa, zikaribiane. Kazi ya kuchosha. Bawa la kushoto nimefuata maagizo. La kulia nimeruka kamba nyingi. Nani atafumua aangalie?

Nikamuuliza kitu kikubwa hivyo kiliondokaje ardhini. Akasema hakuna aliyeona, lakini wengi siku hizi wanadhani alisimama kwa miguu na mikono, mabawa yamekunjwa, kisha akajirusha kwa mikono. Kwa mikono! Ndege mzito hukimbia kwanza, hilo kila mtu analijua. Fundi makochi, jirani yangu asiyeulizwa lakini hujibu, akasema dirishani kwamba mnyama alijitupa tu kutoka kwenye majabali. Mtaalamu akamjibu taratibu kwamba huenda baadhi walifanya hivyo, ila mifupa mingine imepatikana mahali ambako hapakuwa na jabali lolote. Fundi makochi akarudi kwenye makochi yake. Siku nzuri.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Mpango wangu ni huu. Nikithibitisha kwamba alikimbia, hayo ni maarifa, na maarifa huingia kibaoni. Paa la karakana ni bapa, tena refu. Mabawa yako tayari na mikanda ya kifuani nimeshona. Nimemwambia mke wangu napanda kuangalia panapovuja. Akauliza kwa nini naangalia panapovuja nikiwa nimevaa mabawa. Mwanamke huyu haachi kitu kipite.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Nimetegua kifundo cha mguu wa kulia.

Jana nilikimbia vizuri. Hilo napenda lieleweke. Ukingo wa paa ndio uliowahi. Upepo ukaingia chini ya bawa la kushoto, na kwa nukta moja nikahisi nimeshikwa mabegani na kuinuliwa, kama mtoto anavyonyanyuliwa na baba yake. Sijawahi kuhisi kitu kama kile. Kisha la kulia likapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaangukia rundo la sponji la fundi makochi. Alizikagua sponji zote kabla ya kuuliza kama nipo hai.

Mke wangu ameniazimia magongo zahanati. Mtaalamu anakuja kuchukua mabawa Jumatano. La kulia ni matambara matupu. Fundi makochi amekwisha pita na utepe wake, akalipima la kushoto, eti anatazama tu. Kazi hii ikienda kwake, nahama mtaa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Leo nimekaa na bawa la kushoto mapajani. Nalo lilichanika, kumbe. Mpasuko ulianzia ukingoni ukafika kwenye kamba ya kwanza, ukaishia hapo. Nikajaribu kuuendeleza kwa mikono miwili. Ukakataa. Nimeshona maturubai miaka yote hii, nikiweka viraka juu ya viraka, na mnyama yule alizaliwa na kinga hiyo ndani ya ngozi yake bila kushonewa na mtu. Nilibaki nimeshika tama mpaka chai ikapoa.

Nimefumua la kulia lote, naanza upya na kamba zake zote. Mke wangu nimemwambia ni kwa ajili ya ubora.

Jumatatu, tarehe 11 Machi
Uzi uliniishia, nikatoka na magongo. Mbele ya duka la uzi kuna mtaro, na ubao wa kuvukia umeondolewa. Pikipiki ikanipigia honi nyuma. Sikuwaza. Nilichomeka magongo yote mawili ukingoni, nikajisukuma kwa mikono, na miguu yangu ikaachana na dunia. Nikatua ng'ambo. Uzi nikausahau.

Mikono! Miguu haikufanya chochote, ilifuata tu kama mizigo. Nami ni mtu mwenye mikono ya kushika sindano. Mzee Kidole alikuwa na mikono ya kupiga upepo siku nzima, na mifupa yenye uwazi ndani, na mwili uliojikunja ukingoja. Niliketi juu ya ukingo wa mtaro nikatazama juu. Mbingu ile ile aliyopita yeye. Mwenye duka akatoka kuniuliza kama naumwa.

Jumatano, tarehe 13 Machi
Nimemweleza Mtaalamu. Hakucheka. Akaniomba niruke mtaro tena, akainama kutazama magongo. Kisha akasema ndege huondoka ardhini kwa miguu na kuruka kwa mabawa, lakini huyu pengine alitumia mikono kwa yote mawili, na huenda ndiyo maana ndugu zake wakubwa waliweza kufikia kimo cha twiga na bado wakapaa. Kimo cha twiga, hewani. Magongo nusura yaniponyoke.

Tuliporudi karakana akauliza mguu umepatwa na nini. Nikasema ngazi. Fundi makochi akatoa kichwa dirishani akaeleza kila kitu, pamoja na sehemu nilizokuwa nimezisahau. Mtaalamu alilikagua bawa la kulia mshono kwa mshono. Akasema kamba zimekaa vizuri, akayabeba mabawa yote mawili. Jina kibaoni? Atatazama.

Jumamosi, tarehe 16 Machi
Ufunguzi. Mzee Kidole amesimama sakafuni kwa miguu na mikono, mabawa yangu yamekunjwa ubavuni, kichwa juu ya vichwa vyetu vyote. Anakaribia kuondoka. Unamwona kabisa kwamba anakaribia kuondoka. Watu wanaingia wakipiga soga, wakimfikia wanainua vichwa. Machozi yalinilengalenga, na fundi makochi aliyaona, na sijali.

Mama mkwe akakiendea kibao. Akasoma wataalamu wote kwa sauti. Mwishoni akasoma: "Mabawa: Yule wa Maturubai."

Kumbe Mtaalamu alipiga simu nyumbani kuuliza jina langu kwa ajili ya kibao, na aliyepokea ni mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumsalimu binti yake.

Nikangoja dunia inimeze. Lakini mama mkwe alirudia mstari ule kwa sauti kubwa zaidi, akageukia ukumbi mzima akasema huyo ni mkwe wake. Kisha akamtazama Mzee Kidole kwa muda mrefu, akaniuliza pole pole kama ni kweli kitu hiki kiliruka. Nikamwambia ni kweli, mama. Akanishika mkono, kwenye kidole cha pete.

Jumapili, tarehe 17 Machi
Nimefikiri tangu asubuhi. Kosa langu lilikuwa miguu, basi. Kitambaa kimebaki cha kutosha mabawa mengine, ya kwangu mwenyewe, na safari hii kamba zote zitakuwemo. Mke wangu ameficha ngazi. Haelewi kwamba Mzee Kidole hakuhitaji kupanda popote. Nitaanzia uani, kwa magongo. Zahanati wanayataka, nimewaambia bado nachechemea. Kifundo cha kulia kimeshapona, na cha kushoto hakijawahi kuteguka hata siku moja.