Kayaki Iliyopakwa Upande Mmoja

"Jamani, kayaki ya Fundi Randa imepinda!"

Bomba, fundi wetu wa mabomba, alitangaza hata kabla hajakaa. Sote tuliokuwa tunapuliza kahawa pale kijiweni, kando ya mto, tukamgeukia Randa mwenyewe, seremala aliyeiunda boti hiyo nyembamba ya kasia.

"Imepinda wapi?" Randa akafoka. "Huo ni mtindo!"

"Mtindo? Nimetoka kuichungulia. Pua inatazama mtoni, mkia unamtafuta jirani!"

Mama Kahawa akatua birika. "Si majuzi ulituapia imenyooka kama rula?"

"Ilinyooka! Mvua ya wiki nzima ndiyo imeniharibia."

"Vanishi ulipaka wapi?" Bomba akauliza.

Randa akakuna kisogo. "Upande wa barabarani."

"Na wa ukutani?"

"Ule nani angeuona?"

Tulicheka mpaka benchi likalia.

"Maji yameuona!" Bomba akasema. "Huku vanishi imezuia, kule mbao imekunywa mpaka imevimba. Isipinde ina nini?"

"Njia ya mwongo fupi, baba," Mama Kahawa akamalizia.

Nilimcheka Randa, lakini roho iliniuma. Mkewe amechoshwa na kazi zake za nusunusu: mlango hauna komeo, kitanda kimeegeshwa kwenye tofali. Baba mkwe wake, anayekaa ng'ambo ya mto, alishatoa neno: "Nitengenezee kayaki ya watu wawili. Ikiwa sawa, binti anabaki. Ikiwa mbovu, naondoka navyo vyote, kayaki na binti."

Na siku ya kuja kuikagua ndiyo hiyo.

Mzee akafika kwa miguu kupitia darajani, akafumba jicho moja, akaikagua kayaki toka pua hadi mkia. Hakutukana, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mwanangu, beba begi lako. Panda," akamwambia binti yake aliyesimama kando.

"Baba, nisamehe," Randa akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nilishasema."

Kayaki ikashushwa mtoni, baba na binti wakaondoka. Mzee anapiga kasia kulia, kayaki inakwenda kushoto. Anapiga kushoto, inazidi kushoto. Ikazunguka taratibu, ikaja kugota ukingoni, miguuni pa Randa.

"Bahati mbaya," mzee akasema, akaisukuma tena.

Ikarudi. Bomba akaziba mdomo kwa kofia.

Mara ya tatu mzee alikuwa anahema, shati limelowa jasho. Binti akamtazama baba yake, akamtazama mumewe aliyejikunyata kama kuku wa mvua, akashindwa kuzuia kicheko. Akanyanyua begi, akashuka.

"Baba, wewe pitia darajani. Mimi nimeshafika."