Malalamiko Kuhusu Majani Yaliyokataa Kurudi Manjano

Ipole, Sikonge
Jumatano

Kwa Mwalimu Koleta, aliyenifundisha kemia kidato cha pili.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Teofili Nibizi, yule uliyemhamishia dawati la mbele ili asisinzie, akasinzia mbele. Siku hizi nachochea moto kwenye bani la Mzee Ngassa la kukaushia tumbaku. Kwa adabu zote nakulalamikia wewe, kwa sababu kesho Mzee anaamua kama nitabaki na moto wake au nitarudi Ulyankulu, ambako nimeshamwambia mke wangu Stela kwamba huku naitwa mtaalamu wa joto.

1. Ulituonyesha maji ya dawa ndani ya kichupa chembamba. Ukikitia kwenye maji ya moto, yanakuwa bluu. Kwenye maji baridi, yanarudi rangi ya waridi. Ukasema huo ni msawazo: ukiupasha joto unaegemea upande unaolimeza, ukiupoza unarudi upande unaolitoa. Kwa miaka miwili hilo tu ndilo nililolielewa, kwa hiyo huwezi kusema sikusikiliza.

2. Jumatatu majani yalikuwa ndiyo kwanza yanageuka manjano, na hapo moto hutakiwa uwe mdogo. Nilikuwa nimechoka. Nikasukuma magogo matatu kwa mpigo ili nijinyooshe kidogo. Nilipoamka, majani ya chini yalikuwa meusi. Mwingine angekimbia. Mimi nilikumbuka elimu: nikatoa magogo, nikafungua mlango, nikakaa kungoja rangi ya manjano irudi.

3. Haikurudi. Nikadhani nimepoza haraka mno. Nikawasha tena, nikapoza tena, mara tatu, kama ulivyokuwa ukikihamisha kile kichupa. Kufikia jana mchana hata majani ya juu, ambayo hayakuwa na kosa lolote, yalikuwa yamewafuata wenzao.

4. Nilimweleza Mzee Ngassa sheria yako. Akavua kofia, akanionyesha mvi zake, akasema, "Teofili, hizi nazo zilikuwa nyeusi. Zipoze." Mke wake akaenda kuchekea jikoni.

5. Mimi mwenyewe nimepashwa joto misimu sita. Kila Juni narudi kwenye baridi ya nyumbani, na sijarudi ujana hata siku moja.

Kwa hiyo naomba umwandikie Mzee Ngassa, ukiri kwamba sheria yako ina kasoro. Kosa langu ni magogo matatu tu. Mengine yote ni ya kemia.

Wasalimie walimu waliobaki, na kengele ya shule kama bado ipo. Ndiyo iliyokuwa ikiniamsha.

Niliyekuwa mwanafunzi wako,
Teofili Nibizi

N.B. Karatasi hii nimeichana kwenye daftari langu la kemia, ambalo huwa nawashia moto. Nimeigeuza, nimekuta wino wako mwekundu: "Si kila kitu hurudi, Teofili. Yai likishachemka halirudi kuwa bichi. Umeelewa?" Chini yake, mwandiko wangu: "Ndiyo, Mwalimu." Basi barua hii siitumi. Kesho asubuhi nampa Mzee Ngassa, upande wako ukiwa juu.